TanzLII kwa mwandishi wa habari za jinai: pale inapokusaidia na pale inapokwama

Ukiripoti kesi za jinai na ukakosea kitenzi kimoja kwenye hukumu, mtu aliyerudishwa mahabusu anasomeka gazetini kesho yake kuwa yuko huru. TanzLII (tanzlii.org), tovuti ya Mahakama ya Tanzania ya hukumu na sheria, ndiyo dawa nzuri kuliko zote ya kosa hilo. Haina ada, haikulazimishi kujisajili, na hukumu unaishusha nzima kwenye simu.

Kwa habari ya leoleo, lakini, haifai. Kesi iliyotajwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, asubuhi, upelelezi haujakamilika, ikaahirishwa, hutaikuta humo. Hapo bado unahitaji daftari, kalamu na kuelewana vizuri na karani. Kilichojaa TanzLII ni uamuzi wa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Hukumu ya mahakama ya wilaya usiitegemee, ingawa mara nyingi utakuta imesimuliwa ndani ya hukumu ya rufaa yake: mashahidi walisema nini, vielelezo gani vilipokelewa, adhabu ilikuwa ipi.

Ugumu wa kwanza ni majina. Tafuta kwa jina moja lisilo la kawaida, usiandike yote matatu. Kisha badilisha tahajia: Mohamed, Mohammed, Muhammad, Hamis, Hamisi, Abdalla, Abdallah. Jina la utani hufuata alama ya @, na wakati mwingine ndilo pekee linalokupa matokeo. Kesi ikiwa na warufani watatu, kichwa kitabeba jina la wa kwanza na maneno "& 2 Others", kwa hiyo mshtakiwa wako wa tatu umtafute ndani ya maandishi, usimtafute kwenye kichwa. Ukikosa kabisa, chuja kwa mahakama, kanda na mwaka, halafu pitia orodha kwa macho. Hukumu za zamani nyingi ni karatasi zilizopigwa skani. Mashine ikisoma herufi vibaya, neno lako halitaonekana hata kama limo.

Namba nazo huchanganya. Kesi moja inaweza kuwa na namba tatu: ya mahakama ya chini, ya rufaa Mahakama Kuu, na ya rufaa Mahakama ya Rufani. Mwaka ulio kwenye "Criminal Appeal No." ni wa kufunguliwa rufaa. Mwaka ulio kwenye mabano ya mraba kabla ya TZCA (Mahakama ya Rufani) au TZHC (Mahakama Kuu) ni wa uamuzi. Namba hiyo yenye mabano, ikiwa nzima, ndiyo ya kuiweka kwenye kumbukumbu zako, kwa kuwa haigongani na nyingine. Namba za mahakama za chini zimeandikwa kwenye mabano chini ya majina ya wadaawa, ukurasa wa kwanza.

Ukiwa na haraka, soma ukurasa wa kwanza, kisha ruka hadi wa mwisho. Wa kwanza unakupa majaji, tarehe ya kusikilizwa na tarehe ya hukumu. Wa mwisho una amri, na hapo ndipo pa kukaa na kusoma polepole. Hukumu nyingi bado ni za Kiingereza, na habari huharibika katika kutafsiri. "Struck out" maana yake rufaa imeondolewa kwa kasoro, pengine notisi mbovu au muda kupita; hoja zake hazijaamuliwa, na mrufani anaweza kurudi akifuata utaratibu. "Dismissed" ni rufaa iliyosikilizwa ikashindwa. Magazeti yetu huziita zote mbili "kutupwa", na msomaji habaki na njia ya kujua kama mlango umefungwa.

Ukikuta hatia imefutwa na adhabu imetenguliwa, usikimbilie kuandika "aachiwa huru". Soma sentensi inayofuata. Inaweza kusema aachiwe mara moja isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Inaweza pia kubatilisha mwenendo wote na kuagiza kesi isikilizwe upya, huku mshtakiwa akisubiri mahabusu. Katika hali zote mbili hatia imefutwa, lakini mmoja analala kwake na mwingine analala gerezani. Vivyo hivyo Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) anaposema hana nia ya kuendelea na kesi: mshtakiwa ameachiwa, hajaonekana hana hatia, na kuachiwa huko peke yake hakufuti uwezekano wa kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Ndiyo maana wengine waliwahi kukamatwa tena wakiwa hawajatoka hata nje ya viunga vya mahakama.

Upande wa sheria umepangwa vizuri kuliko upande wa hukumu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, zote zimo. Angalia toleo kabla ya kunakili kifungu, kwa sababu namba huhama toleo moja hadi jingine, na hati ya mashtaka ya miaka iliyopita inataja namba za wakati wake.

Kwa makosa ya kujamiiana, kuwa mwangalifu mno. Hukumu nyingi humwita mwathirika PW1 (shahidi wa kwanza wa mashtaka) au kwa herufi za mwanzo, ila baadhi, hasa za zamani, zina jina la mtoto, shule na kijiji. Kuwepo TanzLII hakukupi ruhusa ya kuvichapisha. Ondoa jina, na kama mzazi ndiye mshtakiwa, ondoa na uhusiano wao, maana ukimtaja baba umemtaja mtoto.

Pale ambapo wakili anaweza kukubishia neno kwa neno, nakala ya mtandaoni haitoshi. Nenda masjala na namba ya rufaa, uombe nakala yenye mhuri na sahihi ya msajili.