Gundi ya kapeti jikoni: cha kununua ili itoke kweli, na kile nisichokinunua tena

Marumaru sita za jikoni kwangu, hapa Uyole, Mbeya, zimeachia kabla hazijatimiza mwaka. Niliinua moja nikaigeuza: gundi yote ya marumaru imeng'ang'ania mgongoni mwake, mistari ya kitana cha fundi, ule mwiko wenye meno, bado inaonekana. Sakafu chini yake tupu, nyeusi, inang'aa kama kikaango.

Kabla ya marumaru palikuwa na kapeti ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi. Muuzaji mmoja wa mtaa wa Mwanjelwa akanipa kopo la dawa ya kuiyeyusha, shilingi 35,000. Ilifanya kazi, gundi ikawa uji. Ila uji ule saruji iliunywa, pamoja na mafuta ya dawa yenyewe, na gundi mpya haishiki penye mafuta.

Kwa hiyo napanga vifaa kwa swali moja tu: kinaacha nini ndani ya saruji? Uzito na wepesi wa kazi mtajionea wenyewe dukani.

Cha kwanza ni skrepa ya sakafu yenye mpini mrefu na wembe wa kubadilisha. Haiongezi kitu sakafuni, inaondoa tu. Ukiwa dukani, ukunje wembe kidogo kwa kidole gumba; ukirudi wenyewe ni chuma cha kazi, ukibaki umepinda hilo ni bati. Uliza na wembe za akiba hapohapo. Kama hawana, skrepa hiyo iache. Halafu tumia baridi yetu. Mwezi wa sita na wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, gundi ya kapeti imekakamaa na inabanduka vipande vipande. Ngoja saa nane mchana uone inavyovutika kama bigijii.

Cha pili ni grenda yenye diski ya almasi ya umbo la bakuli. Hii inamalizia ule utando unaobaki baada ya skrepa na kuufungua uso wa saruji. Hapa mimi ni mtu wa Bosch, ile ya bluu, wala sifichi. Ya wati 750 na diski ya milimita 115 inatosha jiko lolote, na kaboni zikiisha, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota, unabadilisha, kazi inaendelea. Bosch ya kijani ni ya kazi ndogondogo za nyumbani. Kama huna fedha ya mashine, kodi kwa fundi, diski nunua yako. Usianze nayo kwenye gundi nene: inapata moto, gundi inalainika na kuziba meno ya diski. Ikiziba, isugue juu ya tofali la saruji mpaka meno yatoke.

Vumbi lake linaharibu mapafu, kwa hiyo vaa barakoa ya kazi. Kujifunga kanga puani hakutoshi. Na kama nyumba ni ya zamani, ina vigae vidogo vya plastiki na gundi nyeusi ya lami, grenda isiguse kabisa, wala usikwangue. Vingi vya aina hiyo vilitengenezwa kwa asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Mwaga sakafu mpya juu yake.

Mashine ya kupuliza hewa ya moto naiweka ya tatu, kwa kona na chini ya sinki tu, maana nayo inalainisha na nyingine inazama.

Petroli, thina, mafuta ya taa: rahisi, ndiyo, lakini ugonjwa ni uleule, na jikoni kuna mtungi wa gesi. Hapana.

Nilirudi kwa yule muuzaji na marumaru yangu kwenye mfuko. Akasema, "Mama, fundi wako hakukoroga vizuri." Kopo halina hata neno moja la Kiswahili, mtu atajuaje alichomwaga? Na siku hiyohiyo fundi aliyesimama pembeni yangu aliuziwa kopo lilelile kwa 22,000. Bei inapangwa kwa kuangalia sura ya mtu, na sisi akina mama ndio tunaolipia. Inaniuma mpaka leo.

Kabla fundi hajakoroga gundi mpya, dondosha maji sehemu tano za sakafu. Yakinywewa ndani ya dakika chache, saruji iko wazi. Yakisimama kama shanga, bado. Kwangu tone lilisimama mpaka chai yangu ikapoa kikombeni, kwa hiyo Jumamosi marumaru zote zilizobaki zinang'olewa na grenda inaingia.