Siku mbili na Trans Am ya 1982 na KITT

Kaka yangu alipokuja kunitembelea California, sikuanza kumpeleka Hollywood. Nilimkodia Pontiac Firebird Trans Am ya 1982, nyeusi tii, na kesho yake tukalipia saa mbili ndani ya nakala ya KITT, lile gari lililokuwa likizungumza kwenye tamthilia ya televisheni ya Knight Rider. Kwa macho ni gari lilelile. Ukishakaa ndani ya yote mawili, utaona kwamba kila moja linafaa kwa jambo lake.

Nianze na lisilosema. Kuingia ni kushuka, maana kiti kiko chini karibu na lami. Milango ni mirefu na mizito, na kwa umri huu bawaba zimechoka. Wa upande wangu ulitaka kunyanyuliwa kidogo ndipo ufunge. Kioo cha mbele kimelala, nyuzi 62, na boneti inakwenda mbali hata huoni inapoishia. Chini yake kuna V8, injini ya silinda nane, ya lita 5.0 yenye kabureta, nguvu za farasi 145. Kaka hakuamini. Lakini ndivyo ilivyokuwa: sheria za moshi na za matumizi ya mafuta zilikuwa zimezibana injini kubwa za Marekani tangu miaka ya 1970, na hata waliolipia zaidi wapate injini isiyo na kabureta waliishia 165. Umbo lilikimbia kuliko injini.

Hata hivyo nilifurahi sana. Tulitoa vipande viwili vya paa, tukavilaza nyuma, tukapanda Angeles Crest, barabara ya milimani juu ya Los Angeles. Huko huhitaji kasi. Unahitaji ule mngurumo mzito unaorudi kutoka kwenye miamba, na harufu ya misonobari inayoingia kutoka juu. Kona zenye lami nzuri gari linazishika vizuri, ila penye mabaka ule mtaimbo wa nyuma, ekseli inayounganisha magurudumu mawili, unarukaruka, na breki zinataka ukanyage mapema. Jioni taa moja ya mbele ikagoma kuchomoza. Mota za taa hizo hujulikana kwa kuchoka, na waliolitengeneza gari waliacha njia: unafungua boneti, unakizungusha kirungu cha mota kwa mkono, taa inapanda. Kaka aliifanya kazi hiyo mwenyewe, na akaiona ni heshima.

Nakala ya KITT kwa barabara sikushauri. Usukani umekatwa sehemu ya juu, kwa hiyo ukikunja kona kali mkono unatafuta mahali pa kushika haupati. Dashibodi ni ya misimu miwili ya kwanza, ile yenye skrini mbili, iliyobuniwa na Michael Scheffe, na usiku mwanga wake wote unakupiga machoni. Taa nyekundu inayokimbia puani ni nzuri, nakiri. Glen Larson, mwasisi wa tamthilia hiyo, alikuwa ameshaitumia taa kama hiyo kwenye roboti za tamthilia yake nyingine, Battlestar Galactica.

Ila sisi hatukuja kwa ajili ya taa. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. KITT tulimwona Magomeni, kwenye sebule ya jirani mwenye deki, watoto tumejaa hadi mlangoni. Kiingereza hatukukijua. Kijana mmoja mkubwa alikuwa akitutafsiria, na nusu ya tafsiri aliibuni. Ile sauti, lakini, haikuhitaji mkalimani: tulivu, yenye adabu, ya mtu anayejua kuwa ana haki. Ilikuwa ya William Daniels, mwigizaji ambaye mwenyewe aliomba jina lake lisiandikwe kwenye orodha ya waigizaji. Miaka hiyohiyo alikuwa anacheza daktari Mark Craig katika St. Elsewhere, kazi iliyompa tuzo mbili za Emmy. Kwangu mimi huyo ndiye gari. Mfunge David Hasselhoff, aliyemcheza Michael Knight, dereva wa KITT, ndani ya Trans Am ile ya jana bila Daniels, unabaki na kijana mwenye nywele nzuri na farasi 145.

Mwenye nakala ametega maneno ya KITT kwenye vitufe. Ukibonyeza, taa za sauti zinapanda na kushuka katikati ya dashibodi, naye anasema. Kaka alibonyeza cha kwanza, akanyamaza, akabonyeza tena. Sasa Kiingereza anakijua.

"Mdogo wangu," akaniambia, "kumbe muda wote alikuwa anamgombeza!"

Ni kweli. KITT anamwonya Michael, anamsahihisha, anamnunia kistaarabu, kisha anakwenda kumwokoa. Yule mkalimani wetu wa Magomeni alikuwa akituambia gari linasema "ndiyo, bosi".

Saa mbili zetu ziliisha tukiwa bado kwenye maegesho, injini imezimwa. Kaka alikuwa anavirudia vitufe kimoja kimoja, akinitafsiria kwa Kiswahili, safari hii bila kubuni.