Miaka Mitatu Katika Nyumba ya Kupanga Sinza

Nyumba ninayoizungumzia ina chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko dogo na choo cha ndani, nayo iko Sinza, Dar es Salaam, ndani ya uzio mmoja na familia nyingine mbili za wapangaji. Niliingia kwa kodi ya shilingi 300,000 kwa mwezi, na sasa ninalipa 350,000. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na kabla sijaamua kuusaini upya nimeona niandike kwa uangalifu kile nilichopata na kile nilichopoteza, kwa sababu watu wengi wanaotafuta nyumba katika jiji hili huuliza kodi ni kiasi gani na kuishia hapo, ilhali yanayomchosha mpangaji kwa kawaida hayamo ndani ya kodi.

Siku ya kuingia nilitoa shilingi 2,100,000 kwa mkupuo. Kodi hulipwa miezi sita mbele, na wapo wenye nyumba wanaotaka mwaka mzima. Juu ya hapo dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, ambayo hairudi hata ukihama baada ya wiki mbili. Nilikuwa pia nimelipa fedha ya kuonyeshwa nyumba kwa madalali wanne, na wawili kati yao walinipeleka kwenye nyumba ambazo tayari zilikuwa na watu. Nairobi, ambako dada yangu amepanga, mtu hutoa kodi ya mwezi pamoja na amana, kisha hulipa mwezi kwa mwezi kama anavyopokea mshahara. Hapa mpangaji mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi hulazimika kukopa au kucheza mchezo wa kupeana ili aweze kuingia, na akishaingia huanza mara moja kuwaza miezi sita inayofuata. Ninaliona hili kuwa kasoro kubwa kuliko bei yenyewe. Kodi ya 350,000 ningeimudu kila mwezi bila kulalamika. 2,100,000 kila baada ya nusu mwaka hunikosesha usingizi, hasa inapoangukia Januari pamoja na ada za shule.

Hata hivyo, mahali penyewe sipajutii. Sinza ilipimwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, na faida ya upimaji ule inaonekana mpaka leo: mitaa ina barabara, viwanja vina mipaka, na gari linafika mlangoni. Niliielewa thamani ya jambo hilo usiku mmoja wa masika, mama yangu alipokuwa amekuja kunitembelea akabanwa na kifua saa nane za usiku. Bajaji ilisimama mbele ya geti, na dakika kumi baadaye tulikuwa mapokezi ya Hospitali ya Palestina. Kuna mitaa katika jiji hili ambako tungelazimika kumbeba mgongoni kupita vichochoro mpaka barabara kuu, na ninapofikiria hilo, kodi yote ninayolipa huniwia nyepesi.

Kwa upande wa usafiri, ninatembea kwa miguu hadi kituo cha mwendokasi cha Shekilango, na kutoka hapo mabasi hupita katika njia yake hadi Kivukoni. Mwenzangu wa ofisini amejenga Chanika, pembezoni mwa jiji. Nyumba ni yake, ana miembe miwili na nafasi ya watoto kucheza, lakini hutoka kitandani saa kumi alfajiri na jioni huwakuta watoto wamelala. Mimi huamka saa kumi na mbili, na jioni ninakagua madaftari ya mwanangu kabla hajala. Wanaosema kupanga ni kutupa fedha nadhani hawajazihesabu saa hizo, na kwangu ndizo ninazozinunua.

Sasa nieleze kuhusu umeme, kwa kuwa hapo ndipo nilipoumia bila kujua. Familia tatu tunatumia mita moja ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, iliyofungwa kwenye ukuta wa korido, na pembeni yake kuna daftari lenye kamba ambamo kila mmoja huandika tarehe na kiasi alichonunua. Ugomvi juu ya daftari hilo ni wa kawaida: nani ana friji, nani anapiga pasi kila siku, nani hajanunua tangu wiki iliyopita. Lakini hasara kubwa haimo kwenye ugomvi. Mteja mdogo wa majumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa takriban shilingi 122 kwa uniti ukijumlisha kodi na tozo, na mita inayozidi hapo huhamishiwa kundi linalolipa takriban 356. Familia yangu hutumia kama uniti 60. Kwa mita yetu wenyewe tungelipa shilingi 7,320. Kwa kuwa tumejumlishwa na wenzetu, uniti hizo hizo hutugharimu 21,360. Hakuna jirani aliyeniibia hata uniti moja, na bado kila mwezi ninalipa zaidi ya shilingi 14,000 ambazo nisingezilipa. Aidha, kodi ya majengo, ambayo kwa haki ni ya mwenye mali, tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa LUKU, na anayenunua hapa ni mpangaji. Ni kiasi kidogo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, lakini ni vyema kukubaliana mapema na mwenye nyumba namna ya kuirudisha.

Maji ya bomba huja kwa mgao, mara nyingi usiku wa manane, na tangi la uani hujaa iwapo tu kuna aliyeamka kufungua koki. Tumepangiana zamu, na katika hili majirani zangu ni watu wema sana.

Kuta nazo nilidanganywa na rangi. Nilipokuja kuitazama nyumba, sebule ilikuwa inanukia rangi mpya, nikafurahi, nikaona ninapokelewa vizuri. Masika ya kwanza yalipoisha, rangi ilianza kuvimba kwenye usawa wa magoti, ikabanduka kama ganda la kitunguu, na mpaka leo kila asubuhi ninafagia unga mweupe wa chumvi chini ya dirisha. Kabati langu la mbao limeoza mgongo. Anayetafuta nyumba aweke kiganja ukutani karibu na sakafu, atazame nyuma ya mlango, na akikuta sehemu ya chini tu imepakwa upya, aulize kwa nini. Ikiwezekana aende siku ya mvua, na kama nyumba iko upande wa Mto Ng'ombe, awaulize wapangaji wa jirani maji yalifika wapi msimu uliopita.

Mama mwenye nyumba hana ukali, na hajawahi kuingia kwangu bila kubisha hodi. Kodi alipandisha mara moja tu, tena alinijulisha miezi mitatu kabla. Ila matengenezo huyaahidi kwa upole na kuyasahau kwa upole ule ule, na mkataba wetu wa kwanza, uliokuwa ukurasa mmoja, haukusema lolote kuhusu nani anatengeneza nini.

Nilimwendea wiki iliyopita nikiwa na daftari la LUKU mkononi, nikampigia hesabu mbele yake. Aliniambia, "Mwanangu, hili mimi sikulijua." Tumekubaliana aombe mita ya peke yangu, nami nitangulize gharama na kuzikata kwenye kodi, na ukuta wa sebule upigwe plasta upya kabla ya masika. Yote mawili yataandikwa kwenye mkataba na kushuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Kwa masharti hayo ninasaini miezi sita mingine. Yasipoandikwa, nitarudi kwa madalali.