Uzoefu wangu na RIPE Atlas: kuupima mtandao kutoka upande wa pili

Katika vyombo vyote ninavyotumia kutunza mtandao wa ofisi, RIPE Atlas ndiyo iliyonisaidia kuliko vingine, na haijanigharimu hata shilingi.

Ni mradi wa RIPE NCC ya Amsterdam, shirika linalogawa anwani za intaneti Ulaya na jirani zake, ulioanza mwaka 2010. Watu binafsi, vyuo na kampuni duniani kote hujitolea kuweka kifaa kidogo, au programu tu, ndani ya mtandao wao. Kila kimoja hupima kutoka pale kilipo, usiku na mchana: ping (muda wa ujumbe kwenda na kurudi), traceroute (njia unayopita), DNS (kutafuta anwani ya tovuti kwa jina lake) na vinginevyo. Watafiti huvitumia vipimo hivyo kujua intaneti inapita wapi na inakwama wapi. Mimi nilichagua programu, nikaiweka kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu. Aliyezoea mfumo wa Linux hatapata shida. Asiyezoea atafute wa kumshika mkono. Huhitaji kufungua porti yoyote (mlango wa kuingilia kutoka nje) kwenye ruta, wala programu haichunguzi mnachotazama. Hutuma paketi (vipande vidogo vya data) zake yenyewe na kusubiri majibu.

Sasa niseme ilichotufanyia. Ofisi iko Dar es Salaam na seva tunayoitegemea iko Nairobi. Kazi ilikwenda polepole mno. Kila tulipompigia mtoa huduma tuliambiwa tuzime ruta na kuiwasha tena, au tununue kifurushi kikubwa zaidi. Lakini spidi ilikuwepo. Kilichotuumiza ni ucheleweshaji: paketi ilikwenda na kurudi kwa karibu milisekunde 170. Piga hesabu. Ndani ya faiba mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Dar hadi Nairobi kwa mstari ulionyooka hazifiki kilomita 700. Milisekunde 7 zingetosha kwenda na kurudi. Hata nyaya zikipinda njiani, tuseme 20.

Traceroute ya kutoka kwetu ilionyesha njia safi, Dar kisha Nairobi. Wengi huishia hapo, kwa sababu traceroute huonyesha njia ya kwenda tu. Ya kurudi huamuliwa na mitandao ya upande wa pili, na inaweza kuwa nyingine kabisa. Usipokuwa na mtu kule, huoni kitu. Kwenye RIPE Atlas nilichagua vifaa vilivyoko Kenya, nikaviagiza vifanye traceroute kuelekea anwani yetu. Vile vilivyokuwa kwenye mtandao uleule wa seva vilipeleka paketi London kwanza, ndipo zikaja Dar. Jirani anakujibu kwa kuzungukia Ulaya! Nilimtumia mtoa huduma matokeo, na kwa kuwa vipimo viko wazi kwa wote, aliweza kuvikagua mwenyewe. Suala likafika kwa wahandisi, njia ikarekebishwa, ucheleweshaji ukashuka chini ya 20.

Vipimo hulipiwa kwa pointi. Kifaa chako kikiwa hewani hupata pointi 15 kila dakika, yaani 21,600 kwa siku, nazo ndizo unazotumia kuagiza vipimo kwenye vifaa vya wenzako. Naupenda sana utaratibu huu. Anayechangia ndiye anayechota.

Usiitegemee kwa kupima spidi, haikuundwa kwa kazi hiyo. Kurasa zake nazo ni za Kiingereza cha kitaalamu. Linalonisikitisha zaidi ni kwamba Afrika bado ina vifaa vichache ukilinganisha na Ulaya. Mei 12, 2024, kebo za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikayumba Tanzania na kwa majirani kadhaa. Siku kama hiyo, mtandao usio na kifaa hata kimoja ndani yake hauna wa kuusemea. Ndiyo maana nawasihi mafundi wenzangu, hasa wa mikoani, waweke.

Ukiweka chako, kiunganishe kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) pamoja na ruta. La sivyo rekodi itachanganya kukatika kwa umeme na kukatika kwa mtandao, na mtoa huduma atakuwa na haki ya kuikataa.