Kulehemu au kuchomelea?

Karakana nyingi huyachanganya maneno haya, na hapo ndipo mwanafunzi hupotea.

Kulehemu ni kuunganisha metali kwa metali nyingine inayoyeyuka mapema. Vipande vyenyewe haviyeyuki. Waya wa kulehemu wa 60/40 (bati asilimia 60, risasi asilimia 40) huwa umeyeyuka wote kwenye nyuzi 190 hivi za Selsiasi. Pasha kiungo kwanza, kisha gusisha waya kwenye kiungo, si kwenye ncha ya chuma cha kulehemu. Ukiyeyushia kwenye ncha na kudondosha, waya ulioyeyuka hukaa juu kama tone, haushiki, na redio uliyotengeneza inakata sauti kila ikitikiswa. Mafuta na kutu huleta ila hiyohiyo. Flaksi, dawa inayopakwa kwenye kiungo, ni ya kuondoa kutu, mafuta futa mwenyewe.

Kuchomelea ni kuyeyusha kingo za vipande vyenyewe, chuma karibu nyuzi 1,500, viwe kitu kimoja. Kijiti cha kuchomelea (elektrodi) cha milimita 2.5 hutaka ampea 70 hadi 90 hivi: zikipungua kinanata, zikizidi bomba jembamba linatoboka.

Saketi hulehemiwa, geti huchomelewa. Mteja akisema “nilehemie geti”, usibishane naye. Kwenye makadirio andika kuchomelea.