Misalaba ya makaburini inayouzwa Bagamoyo: zege tupu, terazo au kaburi la vigae?

Anayetafuta msalaba wa kumwekea marehemu wake hapa Bagamoyo ataonyeshwa bidhaa tatu kwenye karakana za kando ya barabara: msalaba wa zege tupu, msalaba wa terazo, na kaburi zima la kujengea lililobandikwa vigae, pengine na kipaa juu. Tumezikagua zote tatu kwa jicho la fundi na kwa jicho la muumini. Uamuzi tuutangulize: chukua wa zege tupu, ila usichukue ule uliosimamishwa pale mbele kama sampuli. Agiza upya na usimamie mambo machache yatakayotajwa hapa. Bei hatuziandiki, maana zinafuata mfuko wa saruji.

Kipimo tulichokitumia ni msalaba wa urefu wa sentimita 120, mkono sentimita 70, upana 15, unene 10. Sentimita 40 zinaingia ardhini, juu zinabaki 80. Huo unakula kama lita 26 za zege na uzito wake unapita kilo 60, kwa hiyo watu wawili wanaubeba huku wakipumzika njiani. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa tatu, mfuko wa kilo 50 unataka ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo tano na kidogo za kokoto za nusu inchi, na maji lita 25 yasiyozidi. Ndoo ni ile ya lita 20. Hapo unapata misalaba mitano. Fundi akijisifu kwamba mfuko wake mmoja unatoa misalaba minane, kajisema mwenyewe.

Saruji iwe ya 42.5, namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko. Ile ya 32.5 ni nzuri kwa plasta na kujengea tofali, lakini kwa kitu chembamba kitakachopigwa na upepo wa bahari miaka yote haitoshi.

Mchanga ndio unaowaangusha wengi. Bahari iko hapo hapo, mchanga wake haulipiwi, na kwa macho unapendeza kuliko wa mto. Chumvi iliyomo haionekani. Chukua chembe kidogo, ziguse kwa ulimi. Ukisikia chumvi, ondoka. Kisha jaza mchanga sentimita 5 kwenye chupa safi, ongeza maji, tikisa sana, uache mpaka maji yatulie. Tabaka la tope litakalolala juu ya mchanga likizidi milimita 3, mchanga huo ni mchafu na zege litakuwa dhaifu. Maji nayo yawe ya bomba. Visima vingi vya karibu na ufuko vina magadi, na mtu hawezi kuosha mchanga vizuri halafu akarudisha chumvi kwa maji ya kuchanganyia.

Sasa nondo. Tembea makaburini, chagua msalaba wowote uliosimama miaka kadhaa, uinamie chini ya mkono wake. Utaona mstari wa ufa ulionyooka kama umepigwa kwa rula, na chini yake michirizi ya rangi ya kahawia. Gonga hapo kwa sarafu: sehemu nzima inalia kavu, hapo kwenye ufa inalia kama debe. Chuma kikishika kutu kinavimba, kutu inachukua nafasi mara mbili na zaidi ya chuma chenyewe, na zege halina pa kwenda ila kupasuka. Likishapasuka, hewa ya chumvi inaingia kwa urahisi zaidi, na baada ya hapo mkono unaanguka vipande vipande.

Chanzo ni uvivu wa dakika tano. Karakana nyingi zinaweka nondo mbili pembeni, zikikaribia kabisa kugusa ubao wa fomu, yaani kalibu la kumwagia zege, kwa hiyo kinachoikinga nondo ni sentimita moja ya zege, au pungufu. Kwa msalaba wa unene wa sentimita 10, weka nondo moja ya milimita 8 katikati kabisa, na nyingine ya mkono ifungwe nayo kwa waya mahali pa makutano. Kila upande unabaki na sentimita 4 za kuilinda. Nondo isilale chini ya fomu: ikalishwe juu ya vipande vidogo vya zege vya unene wa sentimita 4, vilivyomwagwa siku chache kabla. Ncha ya chini ya nondo isitokeze nje, maana hapo ndipo unyevu wa ardhini unapopanda. Na waya wa kufungia ukunjwe kuelekea ndani. Ncha yake ikigusa uso wa zege, doa la kahawia litatokea ndani ya masika mbili.

Mtu akitaka kujua ujenzi usio na chuma unadumu vipi, aende kwenye magofu ya Kaole, jirani na Bagamoyo. Makaburi ya nguzo ya Waislamu wa kale pale yamejengwa kwa matumbawe na chokaa, hayana nondo hata moja, na yamekaa karne nyingi yakipigwa na upepo uleule. Kilichotoka ni pambo: kwenye nguzo yamebaki matundu ambamo zilikuwa zimepachikwa bakuli za kauri za kigeni.

Umbo nalo lina kazi. Sehemu ya juu ya mkono isiwe bapa. Iwe na mteremko kidogo pande zote mbili ili maji yasilale. Chini ya mkono, sentimita 2 kutoka ukingoni, pawe na mfereji mwembamba, unaopatikana kwa kulaza kamba ya milimita 8 kwenye fomu kabla ya kumwaga. Tone la maji likifika kwenye mfereji linadondoka, haliendelei kutambaa mpaka shinani mwa mkono. Kamba hiyo haina gharama, na bado hatukuona karakana inayoiweka bila kuombwa.

Baada ya kumwaga, fomu ifunguliwe kesho yake, lakini msalaba ubaki chini ya gunia bichi siku 7, ukimwagiwa asubuhi na jioni. Tulichokuta sehemu nyingi ni misalaba ya jana imesimamishwa juani ipendeze kwa wateja. Jua linanyonya maji kabla saruji haijamaliza kazi yake, na uso unabaki unga: pitisha kiganja, kikitoka cheupe, huo usinunue.

Terazo haina mengi. Ni tabaka la sentimita moja na nusu la saruji nyeupe na chembe za marumaru juu ya msalaba wa zege, halafu linasuguliwa mpaka ling'ae. Ndani ya kanisa ni kitu kizuri. Nje, tabaka na kiini vinatanuka tofauti juani, nyufa nyembamba kama nywele zinatokea kwenye kona, maji yanaingia nyuma. Kama lazima iwe terazo, mwambie fundi aimwage siku hiyohiyo juu ya zege bichi, asiibandike wiki mbili baadaye.

Kaburi la vigae ndilo linalotakiwa zaidi, na ndilo tunalolipa alama ya chini. Udongo wa kaburi jipya unashuka. Jeneza likioza unashuka tena. Familia inajenga kabla ya arobaini ili wageni wakute kazi imekamilika, kisha masika ya Machi hadi Mei inapita na upande mmoja unazama. Vigae havipindi, vinabanduka. Chini yake chungu wanahamia. Kipaa cha bati kwenye mabomba ya chuma ndicho kinachotangulia kufa, na kikianguka kinaangukia msalaba wa jirani. Tena eneo: sakafu ya mita 2 na nusu kwa mita moja na nusu, pamoja na ngazi, inameza njia ya kupitia jeneza la mwenzako.

Na hapo ndipo jicho la muumini linapoingia. Msalaba ulikuwa chombo cha kuulia watumwa na wahalifu, na Paulo anawaandikia Wafilipi kwamba Kristo alijinyenyekeza hadi kuufikia huo. Kuuwekea nguzo nne na kioo cha rangi ni kuusemesha kitu usichokisema. Pale Misheni, wamisionari wa Roho Mtakatifu walioingia Bagamoyo mwaka 1868 wamelala chini ya misalaba midogo, mistari mistari. Mnara wa kanisa la zamani umebeba jina la Livingstone, mgeni aliyelala hapo usiku mmoja tu, tena akiwa maiti, Februari 1874, watumishi wake James Chuma na Abdullah Susi na wenzao walipomfikisha. Waliokaa na kuzikwa hapahapa hawakuachiwa mnara.

Lakini tusitumie unyenyekevu kufunika kazi mbovu. Msalaba wa zege lililokonda, umeinama, jina limefutika, huo si unyenyekevu, ni fundi kalipwa mapema.

Jina lichongwe kwenye zege likiwa bado laini, saa mbili tatu baada ya kumwaga, herufi za sentimita 4 na kina cha milimita 5. Rangi ikifutika, kivuli cha herufi kinabaki kusomeka. Kibao cha marumaru kilichogundishwa kwa silikoni kinadondoka. Kama kipo, kifungwe kwa skrubu zisizoshika kutu. Andika jina la ubatizo, la ukoo na tarehe mbili. "Injinia", "Mheshimiwa" na orodha ya vyeo vinajaza mkono wa msalaba mpaka herufi zinapungua hadi sentimita 2, na hizo hazisomeki baada ya miaka michache. Sanamu za Bikira Maria za maduka ya vitu vya ibada ni za plasta, za ndani ya nyumba. Ukiiweka kaburini, mvua inailainisha kuanzia puani.

Kupaka, chokaa inashinda rangi ya mafuta, maana zege linapumua na rangi ya mafuta inavimba malengelenge. Loweka chokaa usiku kucha, ichuje, iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha msalaba kwanza, la sivyo unanyonya maji na kuacha vumbi. Paka mara tatu nyembamba. Wakatoliki wengi wanafanya kabla ya tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, ingawa vuli inaweza kukuharibia, afadhali Septemba. Na anayekumbushia yale maneno ya Bwana juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa, ajue waliokuwa wakisemwa ni watu. Chokaa haina kosa.

Wakati wa kusimamisha, usiuchimbie msalaba kwenye udongo uliofukiwa. Ingia sentimita 30 nje ya ukingo wa shimo, kwenye ardhi ambayo haijaguswa, uchimbe sentimita 40, ushindilie kokoto chini, ndipo usimamishe kwa pima maji. Miezi ya mwanzo, mpaka masika moja ipite, weka wa mbao: mninga au mvule, vipande viwili vimekatwa nusu kwa nusu na kubanwa kwa kijiti cha mbao badala ya msumari, shina limepakwa oili chafu dhidi ya mchwa.

Ukirudi karakana kuchukua wa zege, waulize umemwagwa lini. Wakisema juzi, uache chini ya gunia lake, urudi baada ya wiki mbili.