Matembezi ya kura Mji Mkongwe: 15,000 yangu imekwenda pahala pake

Asalaam alaykum jamani. Naona watu wanauliza sana kuhusu yale matembezi ya historia ya uchaguzi wa Mji Mkongwe, yale ya jioni anayotembeza yule mzee kwa Kiswahili, basi mie nimekwenda Jumamosi iliyopita na mdogo wangu na nimeona bora niandike yote, niliyoyapenda na yaliyonikera. Jina lake na namba yake sitaweka hapa, ukiuliza mabarazani Sokomuhogo utaoneshwa. Bei 15,000 kichwa kimoja, mwenyeji na mgeni sawasawa, na hilo peke yake kwa mji huu ni jambo la kushukuru kwa sababu tushazoea kila kitu kizuri cha Mji Mkongwe kutajiwa kwa dola.

Tulikuwa watu 12, wengi vijana wa chuo, na bibi mmoja wa makamo aliyekuja na mjukuu wake. Tulianzia Vuga saa 10 jioni, Ukumbi wa Victoria. Mie nimepita pale tangu nikiwa skuli na siku zote kwangu lilikuwa jengo tu lenye bustani, kumbe ndimo lilimokuwa likikaa lile Baraza la Kutunga Sheria la wakoloni lililoanza 1926, na miaka 31 yote hiyo hakuna hata mjumbe mmoja aliyechaguliwa na wananchi, wote wa kuteuliwa. Kura ya mwanzo ni Julai 1957, viti 6 tu Unguja na Pemba nzima, na kupiga kura lazima uwe mwanamme tena uwe na mali au kipato fulani au ujue kusoma na kuandika. Mji ukapata viti viwili: kimoja Mji Mkongwe, kimoja Ng'ambo, na mpaka wake ni ile barabara ya Darajani tunayovuka kila siku kwenda sokoni. Ng'ambo Karume, aliyekuja kuongoza ASP, akamshinda Ali Muhsin wa Hizbu, Mji Mkongwe akapita mgombea wa jumuiya ya Waislamu wenye asili ya Kihindi, na Hizbu, yaani chama cha ZNP, wakatoka mikono mitupu viti vyote 6. Hebu fikiria, hatua 20 kutoka upande mmoja wa barabara mpaka wa pili, na matokeo ni dunia mbili.

Sasa pale aliponimaliza kabisa ni barazani. Tulifika mahali wazee wanacheza bao, akawaamkia, akawaomba wamuazime bao lao dakika 10, nao wakampa bila ya neno, inaonesha washazoea. Akatoa buni mfukoni. Akasema haya, kete ni chama kimoja, buni ni chama chengine, na kila shimo ni jimbo. Shimo la kwanza akatia kete 9 na buni 1. La pili kete 4 na buni 6. La tatu vilevile kete 4 na buni 6. Akamwambia yule mjukuu wa bibi, kijana wa miaka 11 hivi, hebu hesabu kete zote. 17. Hesabu buni. 13. Nani ana watu wengi? Kete. Nani kachukua majimbo mengi? Mtoto kanyamaza, akaangalia tena mashimo, akasema buni. Wallahi kila mtu alikaa kimya. Mzee akasema basi ndiyo Julai 1963 hiyo, ASP (Afro-Shirazi) walipata kura kama asilimia 54 na viti 13 kati ya 31, ZNP viti 12 na ZPPP, chama cha Shamte chenye nguvu Pemba, viti 6, wawili hawa wameungana, jumla 18, wakaunda serikali. Disemba 10 uhuru, na Januari 12, 1964 mapinduzi. Mie nimesoma hizi tarehe skuli nikazikariri zote na nikapata alama zangu, lakini sijawahi kuelewa hesabu yake mpaka nilipoiona kwenye bao, na hili ndo lililonifanya niandike, kwa sababu tunagombana mabarazani miaka nenda miaka rudi nani alikuwa na watu wengi na nani alishinda, kumbe ni masuala mawili mbalimbali.

Na hapo ndo akaingia Pemba, nami ni mtu wa Chake kwa mama kwa hiyo masikio yalisimama. Januari 1961 viti vilikuwa 22. ASP 10, ZNP 9, ZPPP 3. Kile kiti cha 10 cha ASP ni Chake Chake, na walikipata kwa kura moja. Moja jamani! Halafu wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11, serikali haiundiki. Kama ile kura moja ingekwenda kwengine basi ingekuwa 12 kwa 10 na mambo yangeisha siku ile. Ikabidi uchaguzi urudiwe Juni, wakaongeza jimbo moja ili wasifungane tena, ZNP na ZPPP wakapata 13 pamoja na Shamte akawa kiongozi wa serikali, lakini siku za uchaguzi ule yakazuka machafuko na watu 68 wakafa. Marehemu bibi yangu alipiga kura Chake ile Januari, alikuwa akituhadithia namna alivyovaa buibui lake jipya na kutoka alfajiri na wenziwe, na mie nilipokuwa mdogo nikidhani ni hadithi ya buibui. Nilitoa machozi pale, sioni haya kusema.

Na hapa ndo kasoro yangu ya kwanza. Huyu mzee anajua mno lakini wanawake hakuwataja hata kidogo mpaka mie nilipouliza. Januari 1961 ndo mara ya mwanzo wanawake Zanzibar kupiga kura, nusu ya watu wanaingia kwenye hesabu kwa mara ya kwanza, hilo si la kuulizwa, lingefaa liwe kituo kizima cha matembezi. Alinijibu vizuri, akasema ntalitia mwanangu, inshaallah.

Kasoro ya pili, kutoka 1964 aliruka mpaka 1980 kwa sentensi moja tu. Alisema hakukuwa na uchaguzi wa wawakilishi miaka yote hiyo, Baraza la Wawakilishi limeanza 1980, tutembee. Naelewa kwa nini watu wa umri wake hawapendi kukaa sana kwenye miaka ile, lakini vijana ndo wanayoiuliza zaidi, na angalau angetueleza watu wa mjini walijionaje kukaa miaka 16 bila ya kuchagua wawakilishi wao.

Tulisimama kwa sala ya Magharibi, baadae tukamalizia Jaws Corner kwa kahawa na kashata (zimo ndani ya bei). Hapo ni enzi ya vyama vingi na hapo ndo utamu kwa sisi tuliyoyaona kwa macho. 1995, kura za urais wa Zanzibar, Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2 na Maalim Seif wa CUF 49.8. Wawakilishi CCM 26 na CUF 24, yaani Pemba yote 21 na vitatu vya Unguja kikiwemo Mji Mkongwe. 2000 majimbo 16 ya Mjini Magharibi yakarudiwa na CUF wakasusia. 2005 Mji Mkongwe ndo jimbo pekee la Unguja lililobaki kwa CUF, 2010 akapita Ismail Jussa wa CUF. Halafu 2015 majimbo yakatoka 50 yakawa 54, mipaka ikachorwa upya, na jina la Mji Mkongwe likaondoka kwenye karatasi ya kura, likaja Malindi. Uchaguzi wa Zanzibar wa mwaka ule ukafutwa Oktoba 28 na kurudiwa Machi 20, 2016, CUF hawakushiriki, lakini ule wa Bunge la Muungano ulibaki vilevile na Ally Saleh wa CUF akaenda Dodoma akiwa mbunge wa Malindi. Kwa hiyo jimbo jipya moja, CUF bungeni na CCM Baraza la Wawakilishi. Hili nalo nilikuwa nalijua vipande vipande tu.

Nilichompendea zaidi hapa hakusema nani alikuwa na haki. Mtu mmoja alimkazania sana amwambie yeye ni wa upande gani, akamwambia kijana mie nimekuletea hesabu, upande wako utoke nao nyumbani. Na barazani pale kuna wazee wa pande zote, hakuna aliyemsahihisha hata mara moja.

La mwisho, pikipiki. Zile njia nyembamba baina ya Mkunazini na Sokomuhogo kila dakika mnajibana ukutani na sauti ya mzee haisikiki, sie wa nyuma tumekosa maneno mengi. Watu 12 ni wengi, 7 au 8 ingetosha, au apate kispika kidogo cha kuvaa. Na vaeni viatu madhubuti, sio ndara, saa 2 na nusu za kusimama si mchezo.

Nampa nyota 4. Mama yangu anakuja kutoka Chake mwezi ujao, nishamuekea nafasi Alhamisi, na nishamwambia mzee aweke bao karibu na pahala pa kukaa maana miguu inamsumbua.